Ghala la Mikayi na Nyachira

Kwanza niseme wazi, majina yale si mimi niliyeyatoa. Mimi ni Rehma, mtoto wa Kaloleni hapa Kisumu, baba mtu wa Lamu na mama Mnubi wa Kibos, na kwetu kompyuta ni kompyuta. Aliyezibatiza ni Mzee Absalom, mkuu wangu wa kazi katika kiwanda cha samaki, na akishasema neno Mzee Absalom, hata wafagiaji wanalishika. Wiki haikuisha, kiwanda kizima kilikuwa kikiulizia habari za Mikayi na Nyachira kana kwamba ni mama wawili wa jirani.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Kiwanda chetu kilikuwa kando ya ziwa, kinapokea samaki wa mbuta kutoka Luanda Kotieno na kwingineko, kinawapasua, kinagandisha minofu na kuipeleka Ulaya. Na watu wa Ulaya walikuwa wametukaba koo. Walitaka rekodi ya baridi ya kila chumba, usiku na mchana, bila pengo hata moja. Mnofu ukiyeyuka kisha ukaganda tena, kwa macho hujui. Ni rekodi tu itakayokuambia. Ndipo kampuni ikanunua seva mbili, ikamleta na fundi wa Nairobi aitwaye Walubengo aje azifunge.

Walubengo alikuwa kijana mpole, wa kueleza jambo mara tatu bila kununa. Alituonyesha sanduku lililowekwa katikati ya zile seva. Ndani ya sanduku ndimo ilimo diski, na diski ni moja. Seva zote mbili zina waya wa kuifikia, lakini kwa wakati wowote ni moja tu inayoandika. Ya pili inakaa macho. Kati yao upo waya mwingine, mwembamba, ambao kazi yake ni kujuliana hali: upo, nipo, upo, nipo. Siku jibu lisiporudi, ile iliyokaa inajua mwenzake ameanguka. Inaichukua diski, inachukua na jina la mwenzake na kazi yake yote, na watu wa chini kule vyumba vya baridi hawajui hata kama kumetokea msiba.

Mzee Absalom alisikiliza kwa makini, mikono nyuma. Kisha akasema ameelewa, hili ni boma. Diski ni ghala la mwenye boma. Seva iliyotolewa kwenye katoni kwanza ni mke mkubwa, Mikayi. Ya pili ni Nyachira, mke mdogo. Sote tukacheka, Walubengo akacheka zaidi, akasema hajawahi kusikia mtu akiieleza vizuri hivyo. Laiti angejua.

Maana Mzee hakuwa anatania. Mimi nimekulia Kisumu, najua mambo ya majirani zangu Wajaluo. Bomani mwao mvua ikija, mke mkubwa ndiye anayetia mbegu ardhini kwanza, halafu wa pili, halafu wengine. Mdogo akitangulia, ni chira, laana inayomkausha mtu akiwa hai, yeye au mtoto wake. Mzee Absalom alikuwa na wake wawili kwao Awasi. Mwaka mmoja yule mkubwa alienda matangani akakawia, mvua ikanyesha, mdogo akaogopa msimu utampita akapanda. Mtoto wake alikonda, akakonda, wakamzika. Mzee alinieleza hayo mara moja tu, akiwa anakunja waya, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Basi stima ikipotea na kurudi, Mzee hawezi kuwasha Nyachira kabla ya Mikayi. Hata kama Nyachira ndiye aliyekuwa na ghala mara ya mwisho, na ndiye anayejua vilivyomo. Walubengo alimkanya kwa adabu. Hapa hakuna mkubwa, Mzee. Mwenye ghala ndiye mwenye kazi. Mzee akajibu, "Nimesikia." Wallahi, hakuna neno linalonitia wasiwasi kama hilo. Mtu mzima akikwambia nimesikia, jua hajakubali.

Na mimi wasiwasi nilikuwa nao tayari, wa kuuza. Nilikuwa nimeachika. Seif, aliyekuwa mume wangu, alikuwa amehamia Mombasa kuuza spea za malori, na alitaka mtoto wetu Kadija. Alikuwa amemwambia baba yangu mbele ya wazee wa msikiti kwamba siku nitakapokosa kazi, atakuja kumchukua, kwa kuwa mwanamke asiye na kipato hawezi kulea. Baba hakumpinga. Kwa hivyo mimi zile seva sikuziona kama boma la mtu. Nilimwona Kadija, yuko darasa la pili, ana pengo la meno mbele, na kila taa ilipozimika kwenye zile mashine niliona basi la Mombasa. Sikuwa nakaa. Nikila, nakula nimesimama. Mama yangu akaniuliza kama kiti kina miiba.

Wakaguzi wa Ulaya walitangaza watakuja Alhamisi. Jumatatu yake, feni ya Mikayi ikakwama, ikapata joto, ikajizima yenyewe. Nyachira akachukua ghala vile vile Walubengo alivyosema, kimya, bila hata skrini kupepesa. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia Dorca wa ofisi ya mizigo. Jumanne feni mpya ikaja, tukaifunga, Mikayi akawa mzima. Nikamwambia Mzee tumwache vile vile, Mikayi akae macho, Nyachira aendelee na kazi mpaka wageni waondoke. Akamfuta Mikayi vumbi kwa kiganja. Akasema, "Nimesikia."

Jumatano baada ya chakula cha mchana nilirudi juu kwenye chumba chetu, na kabla sijafungua mlango nikasikia diski. Diski ikifanya kazi vizuri ina mlio wake, kama mtu anayepepeta mchele bila haraka. Hii ilikuwa inapapatika. Nikaingia. Skrini ya Nyachira inasema yeye ndiye mwenye ghala. Skrini ya Mikayi inasema yeye ndiye mwenye ghala. Na Mzee Absalom amesimama katikati, shati la Jumapili, tai shingoni, ameridhika.

Alikuwa ametaka kumrudishia Mikayi heshima yake kabla wageni hawajafika. Wageni wanakuja, mke mkubwa amekaa kando kama mpangaji, na mdogo ndiye anayegawa chakula? Aibu hiyo hakuiweza. Na alitaka kufanya kwa upole, bila kumzima Nyachira, kwa sababu mdogo naye ni mke, hafukuzwi. Kwa hivyo alichomoa ule waya mwembamba wa kujuliana hali, ili Nyachira asijue lolote asiudhike. Kisha akamwambia Mikayi afungue ghala. Mikayi akakataa, kwa kuwa Walubengo alikuwa ameweka kufuli: kabla ya kufungua, mashine lazima iliulize ghala kama lina mtu ndani. Lakini Mzee aliwahi kumwona Walubengo, ile siku ya kwanza kabisa, akifungua kwa nguvu ghala likiwa bado tupu. Hakusahau yale maneno. Akayaandika vile vile.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na wahenga hawakuwa na kompyuta. Kila mmoja aliamini yuko peke yake. Mikayi anaandika baridi ya chumba cha kwanza, Nyachira anaandika la kwake juu ya hapo hapo. Huyu anafuta alichokiweka yule, yule anahesabu nafasi ambayo huyu ameshaijaza. Kila pumzi niliyovuta ilikuwa inakula rekodi za wiki.

Nikaenda moja kwa moja kwenye plagi ya Mikayi. Mzee akanizuia kwa mkono wake, si kwa ukali, kama unavyomzuia mtoto barabarani.

"Rehma, nyara, huwezi kumzima mkubwa, mdogo akiwa amekaa."

Nyara ni binti yangu, kwa Kijaluo. Nikamsukuma. Ndiyo, nilimsukuma mtu wa umri wa baba yangu, kwa bega, nikang'oa plagi. Diski ikapapatika kidogo zaidi kisha ikarudi kwenye mlio wake, lakini nilipofungua faili zilikuwa zimekorogeka, majina ya vyumba yameingiliana, tarehe zinarudi nyuma. Nilikaa chini sakafuni. Nilimtukana, sitadanganya. Nilimwambia boma lake liko Awasi, hapa ni kazi ya watu, na kama mwanangu atachukuliwa nitamletea kilio mlangoni kwake. Alikuwa anatazama ile plagi mkononi mwangu.

Walubengo alikuja kwa ndege kutoka Nairobi jioni ile ile. Tulirudisha kila kitu kutoka kwenye kanda ya akiba ya kunakilia rekodi, na kanda ilikuwa ya Jumanne jioni. Kuanzia hapo mpaka nilipong'oa plagi, hakuna kitu. Pengo. Bwana Gordon, meneja wetu, mtu wa kutembea haraka na kuongea haraka, akaja akauliza kama hatuwezi kuliziba, si tunajua baridi huwa ni ile ile? Nikamwambia mashine nilizilinda ili zisiseme uongo, sasa nianze mimi? Hakupenda, lakini hakurudia.

Wakaguzi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na mwanamke ndiye aliyeliona. Akaweka kidole kwenye skrini na kuuliza hapa pana nini. Nilikuwa nimefungua kinywa. Mzee Absalom akatangulia.

"Ni mimi," akasema. "Nilifungua ghala kwa watu wawili."

Ikabidi Walubengo atafsiri, na akatafsiri na boma lote, wake na mbegu na kila kitu. Yule mama wa Kizungu hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu. Mwishowe wakatupa miezi mitatu: wakirudi wakute rekodi nzima, kibali cha kuuza Ulaya kitatoka; wakikuta pengo jingine, hakuna kibali na hakuna kiwanda.

Jioni yake Bwana Gordon akaniita. Akasema Mzee Absalom anaenda nyumbani, nami nichukue nafasi yake. Ile nafasi niliyokuwa nikiiota nikipika, nikifua, nikiswali. Nikauliza na nafasi yangu ataichukua nani. Akasema hakuna, mashine ni mbili, mtu mmoja anatosha.

Jameni, mdomo wangu. Mama huwa anasema nilizaliwa na ulimi kabla ya miguu. Nilimwuliza Bwana Gordon kwa nini kampuni ilinunua seva mbili. Akasema kwa sababu moja inaweza kuanguka. Nikamwuliza, na Rehma je? Rehma ni chuma? Mimi nina mtoto anayeshikwa na homa kila mvua. Siku nikiwa hospitali naye, nani atashika? Sikumtetea Mzee kwa huruma, mjue, bado nilikuwa na hasira naye ya kutafuna. Nilitaka mtu wa pili, na wa pili anayezijua zile mashine alikuwa mmoja tu Kisumu nzima. Nikasema mnipe yeye, awe chini yangu, au mtafute mtu mwingine kwa nafasi zote mbili.

Gordon alinitazama kama mtu anayepima samaki. Akakubali, kwa sharti: pengo moja tu, tunaondoka wote wawili, siku hiyo hiyo.

Sikutegemea Mzee atakubali. Mtu aliyeshindwa kuona mashine ndogo ikitangulia kubwa, atakaa chini ya mwanamke wa umri wa binti yake, tena aliyemsukuma? Jumatatu alikuja. Alikuwa amehamisha vitu vyake kutoka meza ya dirishani, akaviweka kwenye ile meza yangu ya zamani karibu na mlango. Walubengo alikuwa bado hajaondoka, na alikuwa amebadilisha utaratibu. Baada ya yale yaliyotokea, hakuna seva itakayochukua ghala yenyewe tena. Moja ikianguka, mtu lazima aende akaing'oe plagi kwa mkono wake, awe na hakika imekufa kweli, ndipo aiamuru nyingine ichukue. Vipimo vya baridi kule chini huweza kusubiri kidogo vikiwa vimeshikilia namba zao, lakini kidogo tu, halafu vinaziacha.

Mzee akauliza swali moja: nani ataamuru? Walubengo akasema yeyote aliye zamu. Mzee akanitazama mimi, akasema mwenye kuamuru ni Rehma, yeye atasubiri Rehma. Nikamwambia kama sipo, wewe ndiye mimi. Akasema, "Nimesikia."

Mnaona sasa? Wiki nzima, na nyingine, na mwezi, sikutoka chumba kile. Asubuhi hakugusa kibodi mpaka niguse mimi. Nikichelewa chooni namkuta amesimama. Nilikuwa nimepigania mtu wa pili nikapata mlinzi wa mlango. Nilianza kuota plagi. Rosa wa kantini aliniletea chai huko huko juu, akaniambia nimekonda, nikamwambia nyamaza, hayo ya kukonda usiyaseme mbele ya Mzee.

Miezi ilikuwa inakaribia kuisha siku simu ilipolia kutoka shuleni. Kadija ameanguka darasani, anatetemeka, macho yamegeuka. Nilimtazama Mzee. Nilitazama Mikayi, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa na ghala, feni yake inaguruma. Nilijua nikienda nitapoteza kazi na mtoto. Nikibaki nitapoteza mtoto kwa njia nyingine. Mzee akasema, "Nenda, nyara." Nikaenda, sikuaga.

Hospitalini walimtundikia dripu, wakasema malaria imepanda kichwani lakini amewahi. Nilisimama pale nikimshika mguu, na moyo wangu uko kiwandani, naurudisha, unaenda tena. Alipofumbua macho na kuniomba soda, nikamwachia mama yangu nikatoka mbio.

Getini askari Shitanda akaniambia kuna mambo juu. Amesikia king'ora cha chumba cha seva kikilia zamani kidogo, kisha kikanyamaza. Bwana Gordon amepanda ngazi. Nilizipanda zile ngazi nikisema moyoni, basi Seif, njoo umchukue.

Mikayi alikuwa giza, feni yake inanuka kuungua. Plagi yake ilikuwa imelala sakafuni, imewekwa sawasawa, haikutupwa. Skrini ya Nyachira ilikuwa inawaka, namba za vyumba zinashuka mstari baada ya mstari, na nilipokwenda juu kuzifuata nyuma, nikarudi nikazifuata tena kwa kidole, hakukuwa na pengo. Gordon alikuwa mlangoni amekunja mikono. Alisema tu kwamba alipofika alikuta kazi imekwisha, akaondoka na ule mwendo wake wa haraka.

Mzee Absalom alikuwa amesimama ukutani, mbali na mashine. Shati lilikuwa limemganda mwilini kwa jasho. Midomo yake ilikuwa mikavu, na mkono wake wa kulia aliushika kwa wa kushoto kama mkono uliovunjika.

"Nimepanda mbegu kabla yako," akaniambia. "Mkubwa nimemzima mimi, mdogo nimempa ghala mimi, na wewe hukuwepo. Kama kuna kitu kinakuja, nimekiambia kije kwangu, kisiende kwa mtoto wako."

Nilitaka kumwambia ni waya tu, ni chuma na feni, hakuna kinachokuja. Lakini niliikumbuka sauti yake siku ile akikunja waya, na nikajua kwamba yeye, saa ile mbele ya plagi, hakuwa anachagua kati ya seva mbili. Alimweka Kadija upande mmoja na yeye mwenyewe upande wa pili, akachagua. Nikalia, kwa sauti, kama mtoto. Nikamwambia Kadija ameamka, ameomba soda. Akafumba macho akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi.

Nikamvutia kiti, nikamwambia, kaa, Mzee. Akasema hawezi kukaa mimi nimesimama. Basi nikakaa, kwa mara ya kwanza tangu miezi ile ianze, nikasubiri mpaka naye alipokaa.